Mkanda Ulipokatikia

Sanduku lililetwa asubuhi moja ya kusi, limefungwa kwa kamba ya usumba nyuma ya baiskeli. Kijana aliyelileta namjua tangu anabebwa mgongoni.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Mzigo wa nini huo?"

"Mikanda ya marehemu baba. Nataka uniangalilie ipi bado mizima na ipi ya kutupa."

Ilikuwa mikanda 14 ya video, ile ya VHS, mingine imeandikwa kwa peni ya buluu, mingine haina hata karatasi. Baba yake ndiye aliyekuwa na banda la video hapa kwetu Kiuyu, banda la makuti lenye mabenchi ya boriti, ambamo mie na wenzangu tulimalizia utoto wetu na senti zetu. Nikamwambia aniachie wiki mbili. Sikumwambia kwamba ameniuliza maswali mawili kwa mdomo mmoja. Mkanda kuwa mzima ni jambo moja, na picha iliyomo ndani kuwa nzima ni jambo jengine.

Mie ni fundi wa redio na simu. Kiuyu ni kidole cha nchi kilichochomoza baharini kaskazini ya Pemba, maji huku na maji huku, na chumvi ndiyo inayonipa riziki, maana inakula kila chenye waya. Mikanda ile ilikuwa imeota ukungu mweupe kama unga wa muhogo. Nilifungua kila kasha, nikauzungusha mkanda kwa mkono huku nikiupitishia kitambaa laini, kidogo kidogo, usije ukakatika. Kichwa cha deki nilikisafisha kwa pamba na spiriti kila baada ya dakika kumi. Katika 14, tisa ilicheza. Mmoja wa hiyo tisa ndio ulionifanya niandike haya.

Kabla ya banda kulikuwa na senema ya gari. Hiyo mie sikuikuta, nimeisikia kwa bibi yangu mzaa mama. Zama za Muingereza gari lilikuja, likatandika shuka nyeupe uwanjani, watu wakakaa chini, wanawake upande wao. Palioneshwa mambo ya afya, ya kilimo, ya Malkia. Baadaye nilisoma kwamba zile picha za serikali zilitengenezwa pole pole kwa makusudi. Mkubwa wa kitengo cha filamu cha makoloni huko London, William Sellers, aliamini kwamba Muafrika wa kijijini hawezi kufuata picha inayorukaruka kutoka sura hii kwenda sura ile, basi kamera ikawekwa mbali, ikatulizwa, kila jambo likaoneshwa mwanzo hadi mwisho bila kukatwa. Ng'ambo tu ya mlango wa bahari, Vugiri katika milima ya Usambara, kati ya 1935 na 1937 zilipigwa picha fupi 35 za namna hiyo za kuwafunza Waafrika wa makoloni. Zilizosalia leo ni chache mno. Nilipomuuliza bibi alikumbuka nini katika senema ya gari, alisema alikumbuka nzi waliokuwa wakizunguka taa.

Lakini muulize *Awara*! Bibi alikwenda Unguja kwa harusi ya ndugu yake katika miaka ya 1950, akachukuliwa kwenye onesho la wanawake peke yao. Zanzibar mjini yalikuwepo maonesho hayo, wanawake wanajaa ukumbi mzima na mabuibui yao, hakuna mwanamme anayechungulia. Mji ulikuwa na senema tangu zamani. Royal Theatre ilifunguliwa 1921, ikaja ikawa Majestic, ikaungua 1954 na kujengwa tena mwaka uliofuata. *Awara* ya Raj Kapoor ilitoka India 1951, na Zanzibar iliwatia watu wazimu. Bibi hakujua neno moja la Kihindi. Hata hivyo alituhadithia kisa chote: jaji anayemfukuza mkewe mja mzito kwa sababu alitekwa na mwizi na watu wanasema, na mtoto aliyezaliwa njiani anakuwa mwizi kweli. "Maneno ya watu ndiyo yaliyomfanya mwizi," bibi alikuwa akisema, kisha anaimba wimbo wa Kihindi kwa maneno ya Kipemba aliyojitungia mwenyewe. Mpaka nakuwa mtu mzima niliamini wimbo ule una maneno yanayohusu nazi.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 majumba ya senema yakawa mikononi mwa Serikali. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ikapata televisheni, tena ya rangi, Bara hawajaota kuwa nayo, wao walisubiri mpaka 1994. Kwetu Kiuyu hayo yalikuwa habari za kusikia. Umeme hatuna, na kwenda Wete kutazama picha ni kwenda na kulala huko.

Deki ilikuja kwa meli ya jamaa. Mwenye banda alikuwa na kaka yake Maskati, na kama mnavyojua Pemba, mtu akiwa na ndugu Maskati huwa na kitu ambacho jirani hana. Alipelekewa deki, televisheni ya inchi 20 na jenereta ndogo iliyokuwa ikikohoa kama mbuzi. Ilikuwa 1988. Kiingilio shilingi 20, na petroli ikiisha katikati ya picha mnachangishana, asiyechanga anaambiwa afumbe macho. Mwani ulipoanza kulimwa Zanzibar 1989 fedha za kiingilio zikapata pa kutoka, maana mama zetu sasa walikuwa na senti zao za pwani na sisi tulikuwa wachukuzi wao. Baba zetu wao walikuwa dago, wakichuma karafuu upande wa magharibi au wakivua, basi usiku kulikuwa hakuna wa kutuuliza isipokuwa mwalimu wa chuo cha Kurani. Mwalimu wa chuo alituuliza kwa bakora.

Lugha ya banda mtu wa leo hataijua. Picha ina steringi, yaani shujaa wake, na ina adui. Steringi hafi. Mtu akikaa nyuma akasema "huyu atakufa", watu wote wanamgeukia: "Atakufaje naye steringi?" Picha za Kihindi, picha za ngumi, picha za vita. Basi.

Picha za vita ndizo tulizozipenda kuliko zote, na ndizo zilizooza vibaya. Nilipoucheza ule mkanda wa *Commando*, ile ya Schwarzenegger ya 1985, watoto wangu walicheka. Mtu mmoja anasimama wazi katikati ya jeshi, risasi za jeshi zima zinampita, yake moja inaangusha watatu. Sisi tulikuwa tukishangilia mpaka makuti yanadondoka. Niliwatazama watoto nikaona aibu kidogo, kama mtu anayekutwa na barua zake za zamani. *Rambo* nayo ina vituko vyake. Ile ya 1985, anayorudi Vietnam, ndiyo iliyokuwa ikijaza banda. Ile ya kwanza ya 1982 tuliiona dhaifu, kwa sababu ndani yake anakufa mtu mmoja tu, tena kwa kuanguka. Sasa nimezitazama zote mbili usiku mmoja, na ile tuliyoiona dhaifu ndiyo iliyosimama. Ni kisa cha mwanajeshi aliyerudi kwao, akafukuzwa mjini kwa sababu ya nguo zake na nywele zake. Kisa hicho mtu wa Kiuyu anayekwenda mjini na kikapu chake anakijua bila kufasiriwa.

Za ngumi zimebaki pale pale. *Enter the Dragon* ya 1973, Bruce Lee alikufa Julai mwaka ule ule kabla haijatoka, na hata leo akivua shati watoto wanaacha simu zao. Mwili hauhitaji tafsiri.

Na *Disco Dancer*, 1982, Mithun Chakraborty. Hii lazima niitaje kwa ajili ya gitaa. Maadui wanalitia umeme gitaa ili limuue Mithun, mama yake analishika yeye, anakufa. Kumbukeni sisi tulikuwa hatuna umeme. Nyaya za umeme wa Bara kupitia chini ya bahari kutoka Tanga zilifika Pemba 2010, kiasi cha kilomita 78, na kabla ya hapo hata miji yetu ilikuwa ikitegemea majenereta ya mafuta ya Wesha. Kwa hivyo jambo la kwanza tulilolijua Kiuyu kuhusu umeme ni kwamba unaua mama za watu kupitia gitaa. Umeme ulipofika kwetu, shangazi yangu mmoja alikaa miezi hajaigusa swichi, anaibonyeza kwa mwiko. Mie ndiye niliyemtilia waya nyumbani kwake na yeye ndiye aliyenipigia kelele: "Wewe si ulimuona mama yake Mithun?"

Mkisema picha ile ni ya kijinga, ni kweli. Nguo zinameremeta, hadithi haina mguu. Lakini siwezi kuipima. Nimeijua kabla sijajua umeme, na sasa umeme ndio kazi yangu.

Vijana wananiletea gemu zaidi kuliko mikanda, basi nizisemee na hizo. Gemu la kwanza kuingia Kiuyu likiwa la kila mtu lilikuja ndani ya simu. Zantel ilianzishwa 1999, na katika miaka ya 2000 kila mvuvi alikuwa na Nokia ya tochi, ile 1100 iliyotoka 2003 na kuuzwa zaidi ya milioni 200 duniani. Waliinunua kwa tochi. Walibaki nayo kwa nyoka. Nyoka aliwekwa kwenye simu za Nokia 1997 na mtu wa Finland, Taneli Armanto, lakini wazo lenyewe lilitoka katika mashine za michezo za 1976 huko Marekani. Mie nimeona wazee wawili wa Maziwa Ng'ombe wakishindania nyoka kwenye ngalawa iliyokosa upepo, mmoja anacheza mwenziwe anahesabu. Juzi nimetengeneza simu ya namna hiyo, nikampa mwanangu wa miaka tisa aijaribu. Alicheza mpaka magharibi. Hakuna mtu aliyemwambia ni ya kale, na ndani ya gemu hakuna kitu cha kumwambia: nukta, ukuta, mkia wako mwenyewe. Ni ndugu wa bao. Kete haikuzeeka kwa sababu haikuvaa nguo ya mwaka wowote.

Playstation 2 ni habari nyengine. Ilitoka Japani Machi 2000, na hapa kwetu mpaka leo kuna banda linalolisha watu kwayo, shilingi kwa mechi. Nazifungua kila mwezi: jicho la kusomea diski limechoka, au mchwa wamejenga ndani, au pedi imekufa kitufe cha kupigia shuti, ambacho ndicho kinachokufa siku zote. Wakubwa wao wanacheza gemu la mpira, *Winning* ya zamani, ile ambayo Adriano wa Inter akipiga kutoka katikati ya uwanja kipa anaweza kwenda kunywa chai. Wadogo wanataka diski za kuchoma zenye wachezaji wa msimu huu, na wapo mafundi wa Dar es Salaam wanaobadilisha majina na jezi ndani ya gemu lile lile. Konami, watengenezaji wa *Winning*, walitoa la mwisho la mashine hiyo 2013. Vijana hawakupokea taarifa. Wanavisha ngozi mpya mwili wa zamani, na mwili haulalamiki. Nimewahi kuwauliza kwa nini wasihamie kwenye mashine mpya kama wanavyofanya mjini. Mmoja akanijibu kwamba mpya inataka intaneti na hii inataka vidole.

Sasa mkanda wenyewe. *Sholay*.

Ilitoka India 15 Agosti 1975, mwaka niliozaliwa, na kwetu ilifika mie nishaota ndevu. Ramesh Sippy ndiye aliyeiongoza. Bwana mmoja aliyekuwa polisi amekatwa mikono yote miwili na jambazi aitwaye Gabbar Singh, akawaajiri wezi wawili, Jai na Veeru, wamletee Gabbar akiwa hai. Jai, anayechezwa na Amitabh Bachchan, ana sarafu mfukoni, na kila penye shauri anairusha juu.

Sisi hatukuwa na maandishi chini ya picha, wala tusingeyasoma kwa kasi hiyo. Tulikuwa na Mtafsiri. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi melini akafika Bombay, alikaa pembeni ya televisheni, haingii kwa kiingilio, na aliyasema maneno ya kila mtu. Bara kazi hiyo ikaja ikawa biashara kubwa, sauti ya Lufufu ikauzwa ndani ya mikanda nchi nzima, na Uganda akina VJ Jingo wakajulikana kuliko waigizaji wenyewe. Wa kwetu hakurekodiwa na mtu. Gabbar wake alizungumza Kipemba cha Micheweni. Veeru alikuwa anadaiwa na duka la mwenye banda. Mtafsiri akiona adui anakuja nyuma ya steringi alisema kabla ya wakati, kwa sababu alikuwa na moyo mwepesi.

Siku moja deki iliula mkanda. Nakumbuka sauti yake, kama mtu anayetafuna karatasi. Kipande cha dakika kadhaa kilitoka kimekunjamana, mwenye banda akakikata kwa wembe, akaunganisha ncha mbili kwa gundi ya karatasi. Kipande chenyewe kilikuwa pale darajani, Jai yuko peke yake na jeshi la Gabbar. Tangu siku hiyo, Kiuyu, Jai yuko hai darajani, picha inachanika mistari myeupe, kisha Jai amekwisha kufa na Veeru anamlilia. Katika ile mistari Mtafsiri alikuwa akisema: "Hapa mkanda umekwenda kusali, unarudi sasa hivi." Alilisema kila onesho, miaka mitatu minne, mpaka banda lilipofungwa.

Mjomba wangu alikuwa ameiona *Sholay* Unguja, kwenye jumba la senema. Alituambia mambo mawili. La kwanza, kwamba mwisho wa picha Gabbar hafi, polisi wanaingia na kumzuia yule bwana asiye na mikono asimuue. Tukamcheka. Sisi tumemuona kwa macho yetu Gabbar anamalizwa kwa miguu! La pili alilosema ni kwamba ile sarafu ya Jai ilikuwa na kichwa pande zote mbili. Tukamwambia mjomba, umeongopa la kwanza, na la pili umetia chumvi.

Miaka thelathini ikapita.

Wiki ile ya sanduku, mpwa wangu alinitilia *Sholay* safi kwenye simu, yenye maandishi. Niliitazama usiku, peke yangu, mpaka darajani. Na pale penye mistari myeupe ya Kiuyu, Veeru anaichukua sarafu kutoka mkono wa Jai, anaigeuza, na upande wa pili ni ule ule. Kila shauri walilopiga kwa sarafu, Jai alikuwa keshaamua. Alibaki darajani ili mwenziwe aondoke, akamdanganya kwamba ni bahati. Sisi kijiji kizima tulikuwa tukimlilia mtu wa bahati mbaya.

Nikasoma na habari ya mwisho wa picha. Sippy alipiga mwisho ambao Gabbar anauawa. Mwaka ule India ilikuwa chini ya hali ya hatari ya Indira Gandhi, wakaguzi wa filamu hawakutaka polisi wa zamani ajichukulie sheria, ukapigwa mwisho mwengine wa polisi kuingia, na huo ndio uliokwenda kwenye majumba ya senema. Ule wa kwanza uliponyoka baadaye kwenye mikanda ya video. Mwaka 2025, picha ikitimiza miaka 50, ilisafishwa na kuoneshwa Bologna, Italia, ikiwa na mwisho wake wa awali. Banda la makuti la Kiuyu lilikuwa nao zamani.

Kwa hivyo mjomba alisema kweli na sisi tulisema kweli. Nilikwenda kwake asubuhi. Siku hizi haoni vizuri, anakaa barazani na tasbihi. Nikamwambia: "Mjomba, sarafu ilikuwa na kichwa pande mbili."

"Leo ndio unaniambia?"

Ijumaa baada ya isha nilitoa televisheni nje ya kibanda changu, nikaufunga ule mkanda kwenye deki. Vijana waliuliza kwa nini nisiwatilie ile safi ya simu, rangi hizi zimepauka na sauti inayumba kama mlevi. Sikuwa na jibu la kuwapa, nikawaambia wakae. Waliokuja wengi walikuwa wa rika langu, na mke wa marehemu mwenye banda aliletewa kiti. Mtoto wake alisimama nyuma na baiskeli yake. Mjomba nilimweka karibu na sauti.

Vijana walipiga soga saa nzima ya mwanzo. Gabbar alipotokea kwenye majabali, akiuburura ule mkanda wake wa risasi chini, walinyamaza, na hawakurudi kwenye soga.

Daraja lilipofika nilitia kidole karibu na kitufe, kwa sababu gundi ile ya karatasi inaweza kukiua kichwa cha deki. Jai akafyatua. Mistari myeupe ikapanda kioo chote. Na gizani, kutoka kila upande, watu wazima, wavuvi, wakulima wa mwani, mwalimu mkuu mmoja mstaafu, wakasema kwa pamoja bila ya kupangana: "Hapa mkanda umekwenda kusali, unarudi sasa hivi."

Watoto waligeuka kututazama. Nikabonyeza, picha ikasimama. Mjomba alikuwa ameinua mkono, na kati ya vidole vyake ameshika shilingi.